Aliyeitika hodi hakuwa mwenye nyumba

Najua nimepotea, najua ukurasa huu umekaa kama nyumba iliyohamwa. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, sijadisko! Nilikuwa fildi, mazoezi ya kufundisha, wiki nane. Nimerudi kampasi juzi Jumapili usiku, miguu imevimba kwa basi, na leo ndiyo nimepata utulivu wa kukaa na kuandika. Mwenzangu wa chumbani amelala. Basi niwasimulie.

Mwaka huu nilipangiwa sekondari moja hapo Musoma mjini. Jina la shule nalihifadhi, mtaelewa kwa nini. Raha yake ilikuwa kwamba kwetu ni Mwigobero, kwa hiyo sikupanga chumba na boom langu likapumua. Kwa wasiopajua, Mwigobero ni kata ya hapo hapo mjini, kando kabisa ya Ziwa Victoria. Kuna soko, kuna mwalo wa samaki, na ndipo watu wanapopandia kuvuka kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Mama yangu anauza dagaa. Mimi na wadogo zangu tumesomeshwa na dagaa, sioni haya kusema.

Kule kwetu ukisema neno "wingu" kina mama wanainua macho juu. Wingu likitanda wakati dagaa wameanikwa, ni mbio. Mvua ikiwakuta chini, siku hiyo umekula hasara. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba shuleni nimekabidhiwa kuangalia "wingu", alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na vitabu.

Ngoja nieleze, maana si wote humu ni watu wa kompyuta.

Maabara ya kompyuta ya shule ile ina kompyuta za msaada zipatazo ishirini, zimechoka, kumbukumbu GB 1 kila moja. Ukifungua programu mbili zinaanza kuhema. Miaka kadhaa iliyopita alikuwepo mwalimu mmoja, mtu wa mitambo kwelikweli, akaona badala ya kuzilalamikia azitumie kama madirisha tu. Akakusanya mashine nne zenye nguvu kidogo, akazipanga kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara, akajenga wingu binafsi. Yaani kazi yote inafanyika ndani ya zile nne, na mwanafunzi kwenye kompyuta yake anaona picha tu kupitia kivinjari. Kila kidato kina mashine zake, lakini hazishikiki kwa mkono. Ni mashine pepe, kompyuta iliyotengenezwa kwa programu na kukaa ndani ya kompyuta nyingine.

Programu inayosimamia yote inaitwa CloudStack. Si kitu cha kuchezea. Ilianzia kwenye kampuni changa huko Marekani, Citrix ikainunua mwaka 2011, mwaka 2012 wakaikabidhi kwa Apache, na hadi leo ni ya bure, yeyote anaweza kuipakua. Chini yake kuna KVM, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007. Hakuna leseni ya kulipia. Ndiyo maana shule ya serikali yenye bajeti ya chaki inaweza kuwa nayo.

Mpangilio ulikuwa hivi. Mashine ya kwanza ni mkuu wa kazi, inatoa amri. Ya pili ni ghala, ina diski zote, na wenzake wanalifikia kupitia mtandao kwa njia iitwayo NFS, ambayo ni ya tangu 1984, ina umri wa kunizaa. Ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba mashine pepe. Halafu CloudStack yenyewe huwa inajitengenezea mashine pepe zake, za mfumo, ambazo si za mwanafunzi yeyote. Moja inashughulikia ghala, kuleta na kupeleka mafaili makubwa. Nyingine inapeleka picha ya skrini kwa mwanafunzi. Hizi zikilala, hata kama kazi za watoto zote ziko salama kwenye diski, kwenye skrini wanaona giza.

Msiulize kwa nini wasitumie tu intaneti na mawingu ya wakubwa. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima tukabaki tunazungusha kale kaduara kwenye simu? Hapa kampasi watu tulirudi kwenye madesa ya karatasi. Kitu kilichomo ndani ya ukuta wa shule hakijali waya wa baharini. Wale watoto wana Wikipedia nzima humo ndani kupitia Kiwix, bila bando hata shilingi. Na muhimu zaidi, kidato cha nne walikuwa na kazi zao za vitendo humo, za somo la kompyuta, na mitihani ilikuwa inabisha hodi.

Yule mwalimu aliyejenga alishahamishwa mkoa mwingine. Aliacha daftari moja la kaunta lenye michoro, na wenzake wanaheshimu kile chumba kama chumba cha bibi kizaa, hakuna anayeingia. Nilipofika mimi, mwanafunzi wa ualimu wa hisabati na kompyuta, wakanikabidhi funguo siku ya pili. "Madam, hii sasa ni yako." Kichwa kikavimba. Nisiwadanganye.

Haya. Ijumaa ya wiki ya tano, saa 11 jioni, nilikuwa nataka kuchapa maandalio yangu ya masomo. Msimamizi kutoka chuoni alikuwa anakuja Jumatano kunitathmini. Printa ya maabara imeunganishwa kwenye swichi, laptop yangu tundu la waya limekufa tangu mwaka wa pili. Nikakumbuka nina karuta kangu kadogo ka Wi-Fi ninakotumia hosteli, kako kwenye begi. Nikakachomeka kwenye swichi, laptop ikashika hewani, nikachapa kurasa zangu 12 safi kabisa. Nikafunga maabara, nikaenda zangu nyumbani. Karuta nikakaacha pale nyuma ya printa, nikasema Jumatatu nitachapa tena.

Jumatatu nafika saa 1 na nusu asubuhi, nakuta kelele.

Mashine ya nne ilikuwa inajizima na kuwaka yenyewe. Inawaka, inakaa dakika kadhaa, pu! inaanza upya. Ya tatu nayo hivyo hivyo ila inakaa muda mrefu zaidi. Skrini zote za wanafunzi giza. Na pale mlangoni kasimama binti mmoja wa kidato cha tatu na fagio mkononi, anatetemeka. Ilikuwa zamu yake ya usafi. Alifungua mlango wa kile chumba, aliukuta haukufungwa vizuri, akaona vumbi nyuma ya meza akapitisha fagio. Mwalimu wa maabara ndiyo anaingia, anamkuta na fagio kati ya nyaya, na mashine inazimika mbele ya macho yake.

Mwalimu akanigeukia. "Madam, hii itakuwa nini?"

Hapo ndipo lilipo kosa langu la kwanza, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikugusa kitu. Sikufungua kitu. Nilitazama sekunde tano, nikatoa jibu la kitaalamu: "Inaonekana waya wa umeme umelegea."

Basi, kesi imekwisha. Yule binti alijitetea kwamba hakugusa waya, nani wa kumsikia? Mtaalamu ameshasema. Akapewa barua, mzazi afike Jumatano saa 2 asubuhi.

Mchana nikabadilisha ule waya wa umeme. Nikachukua wa kompyuta nyingine mzima kabisa, nikaukandamiza mpaka mwisho. Mashine ikajizima vilevile. Nikajaribu tundu jingine la ukutani, vilevile. Wadau, saa 8 mchana ya Jumatatu ile mimi nilikuwa najua kwamba waya haukuwa na shida. Na nikanyamaza. Nilijiambia ngoja kwanza nijue shida ni nini ndiyo niseme. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana nimebahatisha.

Usiku tunakula, mama akaniuliza, "Eti mtoto wa mwenzangu kafanya nini huko kwenu?"

"Mwenzako yupi mama?"

"Tunayepakana naye pale sokoni. Kaitwa shule. Anasema mwanawe kavunja kompyuta ya mamilioni."

Ugali ukanikwama. Mama akaendelea taratibu, bila kunitazama, anachambua mifupa ya sato. "Jumatano asubuhi ndiyo boti zinaingia, giza hili la mwezi zinapata kweli. Asiponunua alfajiri akaanika, siku yake imekwenda. Na yeye huyo mtoto hana baba." Halafu akaniuliza, "Na wewe ndiye fundi wa huko, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Sikulala vizuri.

Jumanne nilikuwa na vipindi viwili tu, asubuhi. Kuanzia saa 5 nikajifungia kwenye kile chumba na daftari la kaunta. Nitawaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu kuna wenzangu mtapelekwa shule zenye vitu hivi na hakuna mtu atakayewaeleza.

Kwanza nikafanya nilichopaswa kufanya Jumatatu, nikasoma kumbukumbu za mfumo kabla ya kusema neno. Kwenye mashine inayobeba, CloudStack ina kiwakilishi chake kinachoandika kila kitu kwenye faili. Nikakuta kinalalamika kwamba hakiwezi kuandika mapigo ya moyo kwenye ghala. Nikarudi kwenye daftari, mwalimu yule alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: kila mashine inayobeba huandika alama ndogo kwenye ghala kila baada ya muda mfupi, kuonyesha kuwa ipo hai. Ikishindwa kuandika mara kadhaa, inajizima na kuwaka upya kwa makusudi. Si kichaa. Inaogopa kwamba yenyewe imepotea njia, mkuu wa kazi akaiwasha ile mashine pepe mahali pengine, halafu mbili zikaandika kwenye diski moja kwa wakati mmoja na kuharibu kila kitu. Afadhali ijizime.

Kwa hiyo mashine haikuwa inakatiwa umeme. Ilikuwa inajizima yenyewe, kwa sababu haioni ghala.

Nikapiga ping kwenye ghala. Anwani yake kwenye daftari ni 192.168.1.1. Ikajibu mara moja, tena kwa kasi. Nikafurahi, nikasema mtandao mzima basi, shida iko kwenye NFS yenyewe. Hapo nikapoteza saa mbili. Nikaenda kwenye ghala lenyewe, huduma ya NFS inafanya kazi. Nikaangalia orodha ya folda zinazogawiwa, zipo zote mbili. Diski hazijajaa. Nikarudi kwenye mashine ya nne, nikaandika showmount kuuliza ghala lina nini, nikaambiwa nimekataliwa. Nikarudia baada ya dakika chache, orodha ikatoka! Nikarudia tena, nimekataliwa. Kha!

Hapo nikaweka kalamu chini. Kitu kikivunjika, kimevunjika. Kitu kinachokubali na kukataa, kukubali na kukataa, hicho hakijavunjika. Hapo kuna wawili.

Nikaanza kujiuliza ping inathibitisha nini hasa. Ni sawa na kupiga hodi gizani, sauti ikaitika "karibu". Umejua kwamba kuna mtu. Hujajua ni nani.

Kwenye mtandao wa ndani, mashine zinatafutana hivi: mmoja anauliza wote kwa sauti, "Nani mwenye 192.168.1.1?" Mwenye nayo anajibu kwa kutaja namba yake ya maunzi, ile iliyochongwa na kiwanda, inayoitwa MAC. Utaratibu huo unaitwa ARP, wa mwaka 1982, na ulijengwa kwa kuaminiana. Yeyote akijibu anaaminiwa. Muulizaji anaikumbuka ile namba kwa muda, halafu anauliza tena kuhakikisha. Wakijibu wawili, leo anamshika huyu, baadaye anamshika yule.

Nikaandika ip neigh kwenye mashine ya nne kuona inamkumbuka nani. Nikaenda kwenye ghala kusoma namba yake halisi. Hazikufanana. Nikaita arping, ambayo inapiga ile hodi ya ARP na kuonyesha kila anayeitika. Wakaitika wawili. Anwani moja, namba mbili za maunzi.

Nikafuata nyaya za swichi moja moja kwa kidole. Wa kwanza mkuu wa kazi, wa pili ghala, wa tatu, wa nne, wa printa, wa kwenda maabara... na mmoja mweupe, mfupi, unaopita nyuma ya printa.

Nilijua kabla ya kuuvuta. Nikakageuza karuta kangu, chini yake kuna stika. Namba ile ile. Na juu yake imeandikwa anwani ya kiwandani: 192.168.1.1. Mwalimu wa zamani aliipa ghala anwani hiyo kwa sababu shule haikuwa na ruta yoyote. Mimi nikaleta ya kwangu, iliyozaliwa na anwani ile ile kama ruta nyingi tu za dukani. Tangu Ijumaa kalikuwa kanaitika hodi za nyumba isiyo yake, halafu mgeni akitaka kuingia ndani kanamwambia hakuna NFS hapa.

Nikaandika last reboot kwenye mashine ya nne ili nione imejizima mara ngapi. Orodha ndefu. Ya kwanza kabisa ilikuwa Ijumaa, saa 11:24 jioni. Ijumaa wanafunzi walishatoka, yule binti alikuwa nyumbani anamsaidia mama yake. Aliyekuwa ndani ya jengo lile ni mmoja tu, ana kurasa 12 mkononi.

Nikachomoa. Nikafuta kumbukumbu za ARP kwenye mashine zote ili ziulize upya. Ghala likaonekana, showmount ikatoa orodha mara kumi mfululizo bila kukataa. Zile mashine pepe za mfumo zilikuwa zimekwama katikati, zinasema zinawaka na haziwaki. Hizo usihangaike kuzitibu. Hazina kazi ya mtu ndani yake, unaziharibu tu, na CloudStack inatengeneza nyingine mpya zenye namba mpya. Nikaharibu zote mbili, nikakaa kusubiri moyo unadunda. Zikaja. Nikaingia ndani ya ile ya ghala kupitia bandari 3922, nikakuta folda za NFS zimeshikwa vizuri, na mkuu wa kazi anafikika kwenye bandari 8250. Nikawasha mashine za kidato cha nne. Kazi zao zote zipo, hata faili moja halikupotea.

Ilikuwa saa 10 na nusu jioni. Kila kitu kinafanya kazi. Karuta kako mkononi mwangu.

Sasa wadau, naandika ukweli kwa sababu hii ni shajara. Nilikaweka kwenye begi. Nikafunga zipu. Nikafunga chumba. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: kesho msimamizi anakuja. Mwalimu wa maabara ataambiwa shida imeisha, atafurahi, atamwambia msimamizi kwamba huyu madam ni kifaa. Yule binti ataonywa kidogo, mzazi ataambiwa amuangalie mwanawe, yaishe. Hakuna mtu mwingine katika shule ile anayejua kusoma ile orodha. Hakuna!

Nikapita njia ya ziwani badala ya barabarani. Pale mwaloni jua linazama, watu wa Kinesi wanagombania kuwahi boti ya mwisho, kelele kama kawaida. Vijana wanapakia taa kwa ajili ya usiku. Na kule kwenye vichanja nikamwona yule binti, bado na sketi ya shule, anakusanya dagaa na mama yake kuwaingiza ndani kabla ya umande. Hakuniona. Mama yake alikuwa anaongea, sikusikia nini, yeye anaitikia kwa kichwa tu, ameinama.

Nilichofikiria si kitu kikubwa. Nilifikiria tu kwamba huyu mtoto anajua hakugusa waya. Ataishi anajua. Na atakuwa amejifunza shuleni, kutoka kwetu, kwamba kujua kwako hakuna maana kama mwenye funguo amesema vingine. Na mimi nasomea ualimu.

Jumatano saa 1 na dakika 10 nilikuwa mlangoni kwa mwalimu wa maabara. Nilikuwa nimechapa ile orodha ya kujizima, nimepigia mstari Ijumaa saa 11:24. Nikaweka karatasi mezani, juu yake nikaweka karuta.

"Shikamoo mwalimu. Si yule mtoto. Ni mimi."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilianza na ARP mwaka 1982, akaniinulia mkono nikaanza upya na hodi. Alipoelewa akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza swali moja, "Jumatatu ulipobadilisha waya, uliona si waya?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Haya, twende," na hilo ndilo tu alilosema.

Mama wa binti alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi na kitenge chake cha kazini, harufu ya dagaa, barua ameikunja mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba mwanangu, maana ananijua tangu nabebwa mgongoni. Binti akaitwa. Mwalimu wa nidhamu alikuwepo, mwalimu wa maabara alikuwepo. Nikasema mbele yao kwamba kilichoharibu mashine ni kifaa changu, nilikiacha mwenyewe tangu Ijumaa, na maneno ya waya kulegea niliyasema bila kupima. Nikamwomba binti radhi, nikamwomba mama radhi kwa asubuhi yake.

Sijui nilitegemea nini. Labda machozi, labda nikumbatiwe kama kwenye filamu. Mwalimu wa nidhamu alichukua ile barua, akaichana vipande viwili, akaangalia dirishani. Binti alisema "asante madam" kwa sauti ya kuvuka tu. Mama yake akasimama, akajifunga kitenge, akasema, "Basi kama imekwisha, walimu wangu, naombeni niwahi. Jua limeshapanda." Akaondoka. Aliwahi au hakuwahi, sijui. Siku ile mama yangu alimshikia ndoo mbili, hilo nalijua kwa sababu nilimwomba usiku, na hakuniuliza kwa nini.

Msimamizi alikuja saa 4. Nilikuwa nimeandaa somo jingine kabisa, lile la kurasa 12. Nikaliacha. Nikawafundisha kidato cha tatu namna ya kutafuta kosa kwenye mtandao, kwa kutumia kosa langu mwenyewe. Nikaandika ubaoni hatua: kwanza soma kumbukumbu, usiseme. Pili uliza nini kilibadilika na lini. Tatu pima kitu kimoja kimoja. Nne, ukiona umekosea, rudi kwa uliyemwambia. Ile ya nne haimo kwenye kitabu chochote cha mitandao.

Nikawachezesha. Mmoja ghala, mmoja karuta, mmoja mgeni amefumba macho. Mgeni anaita hodi, wanaitika wawili, darasa linacheka. Yule binti alikuwa amekaa dawati la tatu. Nilikuwa sitegemei aseme kitu. Akanyoosha mkono.

"Madam, kama wote wanaitika, tutamjuaje mwenye nyumba?"

Nikasema swali zuri, nani amsaidie? Kimya. Akajibu mwenyewe, "Tumwombe kitu kilichomo ndani ya nyumba."

Na ndivyo ilivyo. Ndiyo kazi ya showmount. Saa mbili nzima Jumanne nilizipoteza kwa kutolijua jambo hilo, na yeye kalipata amekaa kwenye dawati.

Alama za msimamizi sitazitaja, zinatosha. Aliandika kwenye fomu kwamba nidhibiti muda, kweli nilipitiliza dakika saba. Kabla sijaondoka shule niliandika ukurasa mmoja kwenye lile daftari la kaunta, chini ya mwandiko wa mwalimu wa zamani: anwani zote zilizokwisha kutumika, na onyo kwamba mtu asichomeke ruta yoyote kabla hajaibadilisha anwani. Nikaweka tarehe na jina langu. Wiki ya mwisho nikamfundisha yule binti kusoma kumbukumbu za mashine. Sasa hivi yeye na mwenzake ndio wanaoshika funguo, chini ya mwalimu wa maabara.

Karuta kapo hapa mezani, kanawaka taa ya kijani. Nimekabadilisha anwani.

Kesho saa 2 nina kipindi na sijasoma chochote, madesa yananisubiri. Tukutane wakati mwingine wadau, na safari hii sitapotea sana. Alamsiki.